UZI: Amenden, kitenzi cha Kiingereza cha zamani kilichokuwa kinatengeneza paa, barabara na roho ya mtu

KalamuNyeusi (mleta mada)

Wakuu, uzi ni mrefu, tafuteni viti. Atakayekuja kuandika "fupisha mkuu" ajue kabisa simjibu.

Kuna kitenzi cha Kiingereza cha enzi za kati, amenden, ambacho Kiingereza cha leo kimekigawana vipande kama mali ya marehemu asiyeacha wosia. Mend kachukua nguo na viatu, amend kakimbilia bungeni na mahakamani, amends kabaki na yule aliyekosea anayetafuta suluhu. Zamani vyote hivyo vilikuwa neno moja, mtu mmoja analitumia asubuhi kwa fundi na jioni kanisani na wala haoni kama amebadilisha mada.

Asili yake ni Kilatini emendare, kuondoa kasoro, likapita Kifaransa, likaingia Uingereza na lugha ya watawala wa Kinormani waliokuja 1066, na kwenye maandishi ya Kiingereza chenyewe linaanza kuonekana karne ya 13. Ile kamusi kubwa ya Kiingereza cha kati ya Chuo Kikuu cha Michigan (ilianza kutoka 1952 ikamalizika 2001, kama kurasa elfu 15 hivi, sasa iko bure mtandaoni) ukiifungua hapo unakuta jamaa wana-amenden nyumba iliyochakaa, wana-amenden barabara, wana-amenden kitabu ambacho mnakili kakiharibu, mgonjwa akipata nafuu naye ndo hivyohivyo ame-amenden, halafu humohumo yupo anayeacha dhambi na yupo anayemlipa jirani aliyemdhulumu.

Sasa wapo wanaosema aah, hiyo ya dhambi ni tamathali tu, wameazima kwa fundi paa. Mimi nakataa, na ndo sababu ya huu uzi. Watu wale walikuwa wanaamini toba ni matengenezo kweli kweli, unashika nyundo.

Angalia historia. Mwaka 1215 Mtaguso wa Nne wa Laterani (mkutano mkuu wa maaskofu) chini ya Papa Innocent III ukaamuru kila Mkristo aliyefikia umri wa kupambanua mema na mabaya akaungame kwa padri wake angalau mara moja kwa mwaka. Na kuungama kulikuwa na sehemu tatu: kujuta moyoni, kutamka kwa mdomo, na kufanya malipizi. Ukiishia mbili za mwanzo kazi haijaisha. Shida ikawa mkulima wa kijijini Kilatini hakijui, padri wake naye mara nyingi anakijua kwa kubahatisha, kwahiyo 1281 Askofu Mkuu wa Canterbury, John Pecham, akaagiza mapadri wawafundishe watu mambo ya msingi ya imani mara nne kwa mwaka kwa lugha yao wenyewe. Hapo ndo vitabu vya dhambi na toba kwa Kiingereza vikapata soko, na amenden likawa neno la kila siku la mtu anayetoka kuungama.

Halafu njoo kwa William Langland, mshairi wa karne ya 14, kwenye Piers Plowman. Kuna sehemu msamaha unagawanywa kwa watu wa kila tabaka, ukifika kwa wafanyabiashara pana utata, maana wanafanya kazi siku takatifu na wanaapa uongo ili bidhaa itoke. Kwahiyo hawaandikwi kwenye hati yenyewe, ila Kweli, ambaye kwenye shairi ni mtu mwenyewe, anawatumia barua ya pembeni yenye muhuri wa siri: nunueni mnachotaka, uzeni, faida mtakayopata mka-amenden hospitali za masikini, mka-amenden barabara mbovu haraka, mtengeneze madaraja yaliyovunjika, muwasaidie mabinti waolewe, muwalishe wafungwa, mpeleke watoto shule. Umeona? Mfanyabiashara hajaambiwa alie. Kapewa BOQ, ile orodha ya kazi na vifaa vya ujenzi.

Na hili la barabara sio ushairi tu. Maaskofu wa enzi hizo walikuwa wanatoa rehema ya siku 40 kwa wanaochangia ukarabati wa daraja, siku 40 ndo kiwango ambacho ule mtaguso wa 1215 uliwawekea wasizidishe. Ukichangia mbao za daraja unapunguziwa adhabu ya dhambi. Dhambi yako na lile shimo la barabarani vinazibwa kwa pesa hiyohiyo.

Karibuni.

mtu_wa_pangani

Nimeweka kambi. Chai ipo.

FundiSaa

Mkuu uzi umeenda shule. Swali langu, kabla Wanormani hawajaja na Kifaransa chao hao Waingereza walikuwa hawatubu? Walikuwa wanatumia neno gani?

KalamuNyeusi

Swali zuri sana FundiSaa. Walikuwa na lao, kitenzi betan na nomino bot, maana yake kufanya kitu kiwe bora, ukoo mmoja na better. Na cha ajabu nalo lilikuwa na tabia ileile: bot ni ukarabati, bot ni dawa, bot ni fidia. Brycgbot ilikuwa wajibu wa kutengeneza madaraja, moja ya mizigo mitatu ambayo mwenye ardhi hakuikwepa hata akisamehewa mingine yote, pamoja na kukarabati ngome na kwenda vitani.

Sheria za zamani kuliko zote zilizoandikwa kwa Kiingereza, za mfalme Æthelberht wa Kent, mwanzoni mwa karne ya 7, karibu zote ni orodha ya bot. Jicho likitolewa shilingi 50. Sikio likikatwa, 12. Kidole gumba 20, ila kucha ya gumba peke yake 3. Meno manne ya mbele kila moja shilingi 6. Kidole kidogo cha mwisho kina bei kuliko cha kati, 11 kwa 4, hapo sijui walikuwa wanafikiria nini wale wazee. Baadae sheria zikawa na makosa yanayoitwa botleas, yaani yasiyo na fidia, umefanya basi, hakuna hela itakayokutoa.

Amenden lilipokuja halikukuta kiwanja kitupu, lilikuta nyumba imeshajengwa likahamia humo, na kwa miaka mingi wakaishi wote wawili. Kwenye ile barua ya wafanyabiashara Langland anatumia yote mawili kwenye sentensi moja, barabara ana-amenden, madaraja anayafanyia bot.

Ustadh wa Barazani

Maashallah mleta mada. Hiyo ya jino shilingi 6 imenikumbusha mlango wa dia (fidia ya kuua au kujeruhi) kwenye fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, jino moja ngamia watano, kidole ngamia kumi, na kwetu vidole vyote sawa, gumba na cha mwisho bei moja. Na masheikh wanafundisha toba ya dhambi baina yako na Mola ina masharti yake, lakini ikihusu haki ya mja linaongezeka sharti: rudisha haki ya mwenyewe au akuhalalishie. Ukimwibia mtu ng'ombe ukaswali tahajudi mwaka mzima, ng'ombe bado wa watu.

KalamuNyeusi

Ustadh umenipa daraja la kupitia. Wale nao walikuwa na kanuni ya Kilatini iliyotoka kwa Augustino, dhambi haiondolewi mpaka kilichochukuliwa kirudishwe. Na Langland kaichekesha vizuri sana. Kwenye shairi lake dhambi saba zinakuja kuungama zenyewe, kila moja ni mtu. Uchoyo anafika, Toba anamuuliza: umewahi kujuta, umewahi kurudisha? Uchoyo anajibu ndiyo, mara moja, nililala nyumba moja na wachuuzi, wakasinzia nikaamka nikapekua mizigo yao. Toba anashtuka, huo ni wizi bwana wewe! Jamaa anasema mie nilidhani kupekua ndo kurudisha, maana sijasoma kitabu hata siku moja na Kifaransa changu ni kile cha kule mwisho wa Norfolk.

Norfolk ni pembeni kabisa mashariki, Kifaransa cha huko ndo hakuna. Yaani anasingizia maneno ya kigeni ya toba yamempita. Na Toba anamgomea, anamwambia sikufungulii dhambi zako mpaka umalize hesabu na wote.

mpiga_debe_halisi

😂😂😂 Kifaransa cha mwisho wa Norfolk. Hii naenda nayo kijiweni.

Mzee Mbishi

Mie nauliza tu kama kawaida yangu. Huoni mleta mada kwamba huo mfumo ulikuwa wa matajiri? Maskini ataziba daraja na nini? Tajiri anakanyaga watu, anatoa mbao tatu, anaitwa mtakatifu. Huku kwetu tunawajua, kesi inamalizwa kinyumbani, bahasha inatembea, aliyepigwa anaambiwa "yaishe". Hilo neno lako ni hongo limevaa kanzu.

KalamuNyeusi

Mzee Mbishi, Langland kakutangulia miaka zaidi ya 600, na kaliweka neno hilihili mdomoni mwa watu wanaohonga. Ngoja nikueleze ile kesi taratibu maana ni tamu.

Amani anakuja mbele ya mfalme na mashitaka. Mshitakiwa anaitwa Dhuluma. Amani anasema: huyu kamchukua mke wangu, kambaka Rose mchumba wa Reginald, na Margaret kamvunjia ubikira kwa nguvu. Vijana wake wananibebea mabata bukini wangu na watoto wa nguruwe. Kaazima farasi wangu hajamrudisha na senti sijaona. Anawalinda watu wake wanaua wafanyakazi wangu. Kavunja mlango wa ghala kabeba ngano, na kwa shayiri zangu kaniachia kijiti cha deni, magunia kibao (Langland anahesabu kwa vipimo vyao, kota kumi). Kile kijiti ndo kilikuwa stakabadhi ya zamani, wanakata alama kwenye mti wanapasua katikati kila mtu na nusu yake. Sasa stakabadhi ya Dhuluma utaipeleka wapi?

Mfalme anaamuru atiwe pingu, asiione miguu yake miaka saba. Hapo ndo mwanasheria anainuka, jina lake Hekima lakini hekima ya mjini, anasema mheshimiwa, kama anaweza kulipa, apewe dhamana, anunue bot yake, a-amenden alichoharibu. Kitenzi kilekile cha kanisani! Halafu anakuja Bi Mede, ambaye jina lake ni zawadi, au rushwa, inategemea nani anapokea, anamshikisha Amani dhahabu: chukua hii bwana i-amenden hasara yako, nakuhakikishia harudii. Na Amani, yule aliyekuja analia, anageuka anamwombea Dhuluma: mie nimeshalipwa, sina tena cha kudai, mheshimiwa mwachie.

Mfalme anakataa. Akitoka kirahisi hivi atacheka, anasema, na kesho atawapiga watumishi wangu kwa jeuri zaidi. Labda Busara amwonee huruma, la sivyo anakaa kwenye magogo ya kufungia miguu maisha yangu yote. Na Busara hana huruma hiyo.

Kwahiyo Mzee wangu walikuwa wanaijua hatari yake. Fidia bila mtu kubadilika haikuitwa amenden iliyokamilika, mfalme anauliza lile lililobaki, je huyu ataacha?

Shangazi wa Chumbageni

Nimesoma yote kimya kimya sasa naomba nafasi wanangu. Kalamu umeisimulia vizuri lakini umepita juu ya kitu. Rose kalipwa nini? Margaret je? Mke wa Amani je? Dhahabu kapokea Amani, Amani ndo kasamehe. Wanawake watatu wametajwa kwenye mistari mitatu ya mashitaka, baada ya hapo hata jina hulisikii, kesi yote imebaki mabukini na ngano na farasi.

Na sio Langland peke yake. Chukua Chaucer, mshairi wa zama hizohizo, hadithi anayoisimulia yule mwanamke wa Bath. Inaanza na shujaa wa mfalme Arthur anamkuta binti anatembea peke yake, anambaka. Anahukumiwa kifo. Malkia na mabibi wa jumba wanamwombea, anapewa mwaka na siku moja akatafute jibu la swali wanawake wanataka nini zaidi. Analipata kwa bibi kizee kwa sharti la kutimiza chochote atakachoomba, naye anaomba aolewe. Usiku wa harusi anajigeuzageuza kitandani kama mgonjwa, kizee anamwambia kosa langu nini, niambie nili-amenden nikiweza. Anajibu kwa uchungu, ku-amenden? Hapana hapana, hili halitengenezeki kamwe, wewe mbaya na mzee. Kizee anajibu naweza kulitengeneza hili lote kabla siku tatu hazijapita, kama utanitendea vizuri.

Sasa jamani neno limekuja kutumika hapo! Mbakaji ndo analalamika kwamba YEYE kaharibiwa maisha, na anatengenezewa yeye, kizee anageuka msichana mzuri na mwaminifu. Binti wa mwanzo wa hadithi hajarudi, hata pole hajapewa.

FundiSaa

Shangazi umepiga pale pale 🙌

Mzee Mbishi

Shangazi nakuunga mkono leo, andika tarehe.

KalamuNyeusi

Shikamoo Shangazi. Hoja imesimama na naona inaingia kwenye sheria yenyewe. Fidia ilikuwa inafuata mwenye haki ya kudai, na mara nyingi mwenye haki hiyo ni baba, mume au bwana wa shamba. Kitenzi kinataka mtu wa kutendewa, na huyo mtu aliandikwa kwa jina la mwanaume. Ila kwa Chaucer sina uhakika kama kasahau au anatuchokoza, maana anayesimulia ni mwanamke na jibu la swali lenyewe ni kwamba wanawake wanataka mamlaka. Shujaa anapona siku anaposema chagua wewe mke wangu. Pengine hapo ndo kajirekebisha.

Shangazi wa Chumbageni

Marahaba. Kajirekebisha sawa, kafidia hajafidia. Si wewe ndo umetufundisha juu huko kwamba mbili za mwanzo hazitoshi?

njia_panda

Hahaha Kalamu kabanwa na kalamu yake.

Mie naleta mfano wa mfalme mwenyewe. Henry II wa Uingereza, watu wake walimuua Askofu Mkuu Thomas Becket ndani ya kanisa kuu la Canterbury tarehe 29 Desemba 1170. Mwaka 1172 kule Avranches akapatana na wajumbe wa Papa, akaahidi kurudisha mali za kanisa la Canterbury na kugharamia mashujaa 200 wa kulinda Yerusalemu mwaka mzima. 1173 dada yake Becket, Mary, akafanywa mkuu wa masista wa Barking. Halafu Julai 1174 maasi yamemzunguka kila upande, ndo anatembea miguu mitupu mpaka kaburini kwa Becket, anachapwa viboko na maaskofu na watawa, analala pale usiku kucha kwenye sakafu. Muda huohuo mfalme William wa Scotland akakamatwa Alnwick, watu wote wakasema umeona, toba imepokelewa.

Yeye alikuwa mtu wa Kifaransa na Kilatini kwahiyo amenden la Kiingereza silileti hapo, ila mtindo ni uleule: hela, cheo kwa ndugu wa marehemu, na mgongo wake mwenyewe. Swali la Mzee Mbishi linabaki, angekwenda kuchapwa kama maasi yasingemzidi?

Mzee Mbishi

Asingekwenda. Imeisha hiyo.

mkimya_sana

Huwa sichangii lakini leo naomba. Mimi nimepita soba, sitataja ya wapi. Wengi mnajua nyumba za upataji nafuu za Zanzibar na Mombasa nyingi zinafuata zile hatua 12 zilizotoka kwa walevi wa Marekani, waliandika kitabu chao 1939. Hatua ya nane unaandika orodha ya wote uliowaumiza. Ya tisa unakwenda kufanya hiyo amends ana kwa ana pale inapowezekana, isipokuwa kama kwenda kwako kutamuumiza huyo mtu au mtu mwingine. Hilo la mwisho ndo gumu kuliko lote. Kwenye orodha yangu kuna mtu mmoja ambaye mshauri wangu alinikataza nisimfuate, akasema unataka kwenda kwa ajili yake au kwa ajili yako? Nilikasirika. Baadae hela niliyokuwa nimeiweka nikaambiwa nimpe mama yake bila kutaja jina.

Nasoma hapa naona wale wa zamani waliwaza yote isipokuwa hilo. Hakuna aliyemuuliza Rose kama anataka hata kumuona Dhuluma.

Shangazi wa Chumbageni

Mwanangu Mungu akushike. Umesema.

Ustadh wa Barazani

Amin. Na fiqhi ina nafasi hiyo pia, mwenye haki asipopatikana au kumkabili kukileta madhara makubwa zaidi, unamfikishia haki yake kwa njia nyingine, au unamtolea sadaka na kumwombea.

KalamuNyeusi

mkimya_sana, asante sana, hii imenizidi. Kwa Langland tukitafuta mtu anayeuliza swali la mshauri wako, wa karibu kabisa ni Busara kwenye ile kesi, maana yeye anatazama nje ya chumba cha mahakama, anawataja masikini wanaohitaji kuvikwa na kulishwa. Lakini hata yeye hamwiti Rose aje aseme.

mtu_wa_pangani

Mleta mada mimi nataka kwenda kusoma hiyo kamusi mwenyewe, naandika nini? Nimeandika amend imeniletea mambo ya bunge.

KalamuNyeusi

Ingia kwenye ile ya Michigan sio kamusi ya kawaida, andika amenden na hiyo en mwishoni. Ukimaliza fungua na menden peke yake, wameiweka mbali, halafu amendes ambayo ndo malipo yenyewe. Kwa lile la zamani tafuta bote. Mifano yao tahajia imekaa hovyo, kila mnakili na yake, usiogope, soma kwa sauti utaelewa. Bando iwe ya kutosha tu maana mfano mmoja unakupeleka kwenye mwingine.

mtu_wa_pangani

Nipo kwenye bote saa hizi. Kumbe na dawa ya homa imo.